Zuhudi ya Ndimu

Wamesimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, ya kwamba katika mji wa Julfari, ulioko pwani ya Ghuba, palikuwa na mpishi wa chombo aliyeitwa Marzuku bin Anbari. Hakuwa mwanachuoni, wala hakuwa na kilemba kirefu. Katika Qur'ani alihifadhi juzuu moja tu, ile ya mwisho, na hata hiyo aliisoma polepole kwa kuogopa kukosea. Lakini watu wa mji walikuwa wakisema kwamba ukitaka kuweka amana, mwekee Marzuku, na ukitaka kula wali ulioiva, mpe Marzuku mchele. Mimi ninayeandika haya ni mtu wa tumbo, nakiri mapema kabla hamjaniambia, na kisa hiki nakipenda kwa sababu kinaanzia jikoni na karibu kiishie jikoni.

Chombo alichopikia kilikuwa cha kuzamia lulu, na mwenyewe ni Nahodha Thuwaini bin Saifu. Watu wa kazi hiyo hawakuwa wakienda asubuhi na kurudi jioni. Wakishaondoka mjini mwanzo wa msimu wa joto, waliishi baharini miezi minne na siku juu yake, wakihama kutoka fungu moja la chaza kwenda jingine bila kukanyaga nchi kavu. Wazamiaji walishuka na jiwe mguuni na kamba kiunoni, na wenzao waliobaki juu wakawavuta pumzi zilipowaishia. Asubuhi hawakula ila tende chache na kikombe cha kahawa, kwa sababu mtu hazamii na tumbo lililojaa. Alasiri, kazi ikiisha, ndipo masinia yalipotengwa: wali na samaki. Kesho yake samaki na wali. Keshokutwa, msomaji wangu, unajua mwenyewe. Kila baada ya wiki kadhaa kilikuja chombo kidogo kutoka mjini kuwaletea maji na mchele, lakini matunda na mboga havikuletwa, maana kwa jua lile vilioza kabla ya kufika.

Kwa hiyo kila mwaka Bi Nuwaira, mke wa Marzuku, aliwatengenezea achari ya ndimu. Alizipasua ndimu vipande vinne vinne, akazishindilia chumvi, pilipili na habasoda, akazianika juani siku nyingi, kisha akazitia katika mitungi sita na kuiziba midomo kwa nta. Mwaka huo, siku ya kupakia, alimwambia mumewe:

"Mume wangu, hizi si zako, wala si za nahodha. Ni haki ya kila kinywa kilichomo chomboni. Zitenge mbele yao kila siku. Asiyetaka, shauri yake, lakini asije akasema hakuziona."

"Na wakinicheka?" akauliza Marzuku, kwani alikuwa mtu wa haya.

"Wakikucheka! Kwani umeshawahi kuchekwa ukafa?"

Marzuku akabeba mtungi wa kwanza.

Sasa iko ada moja ya chombo kile ambayo lazima niieleze, maana mambo yote yaliyofuata yalitokana nayo. Zamani, kabla ya Marzuku kuzaliwa, mabaharia wa Julfari waliwahi kula samaki aliyeharibika, wakazikwa saba siku moja. Tangu hapo kila mpishi aliyeingia kazini alikula kiapo mbele ya nahodha: kwamba hatatenga chakula chochote mbele ya watu ila baada ya kukionja yeye kwanza, wazi, kila mtu akimwona. Basi kila alasiri Marzuku alisimama kando ya sinia, akasema bismillahi, akala tonge moja ya wali, mnofu mmoja wa samaki, na kipande kimoja cha ndimu. Watu wakamswalia Mtume mara kumi huku wakimkazia macho. Mpishi akiwa bado yuko wima, wakajongea.

Mwaka ninaousimulia, mabaharia walimwomba Sheikh Labidi bin Hamduni afuatane nao awe imamu wao. Sheikh Labidi alikuwa zahidi, mtu aliyeipa dunia kisogo, anayejulikana mji mzima. Alilala juu ya mkeka usio na mto, alikuwa na kanzu mbili tu, na aliposoma, wagumu wa moyo waliangua kilio. Nasema haya ili mjue kwamba hakuwa mnafiki, na msije mkamhukumu haraka. Alikuwa mtu mwema kweli, ila wema wake ulikuwa na kona moja ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuiingia na taa.

Siku ya tatu ya safari, baada ya swala ya Adhuhuri, Sheikh Labidi aliwahutubia.

"Ndugu zangu, tuko juu ya maji ya Mwenyezi Mungu, na roho zetu ziko mwisho wa kamba. Je, si vizuri tukaacha kitu kimoja kwa ajili yake mpaka atakapoturejesha kwetu salama? Nimetazama chakula chetu. Tende ni chakula chenye baraka, hazina lawama. Wali ni nguvu. Samaki ni riziki ya mahali petu. Lakini hii achari ni ya nini? Haishibishi. Kazi yake ni kufungua hamu, ili aliyeshiba ale tena. Hiyo ni anasa, na anasa ndiyo mlango wa nafsi."

Watu walitazamana. Walikuwa wakiipenda ile achari sana, na kwa sababu waliipenda waliona kuiacha kutakuwa na thawabu kubwa. Sururi, mwimbaji wa chombo, ambaye kazi yake ilikuwa kuwaimbisha wavuta kamba ili wavute kwa pamoja, ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Nahodha Thuwaini akafuata. Mwishowe wote ishirini na mmoja, Sheikh mwenyewe akiwamo, wakaapa kwamba hawataigusa ndimu mpaka waione Julfari.

Akabaki Marzuku, ameshika mwiko.

"Sheikh wangu," akasema, "mimi nina kiapo cha kuonja, na nilikula kabla ya hiki chenu. Na hizi ndimu zimepakiwa kwa ajili ya watu. Nitafanyaje?"

Sheikh Labidi akafikiri, akasema, "Basi onja kama ada yako inavyotaka. Lakini iwe kuonja, Marzuku, isiwe kula. Jichunge na ulafi."

Neno hilo lilimchoma, tena mbele ya watu wote. Marzuku akajibu, "Inshallah," akarudi mekoni kwake.

Tangu siku hiyo ikawa hivi. Kila alasiri Marzuku anatenga sinia, na kando yake kibakuli cha ndimu. Anaonja wali, anaonja samaki, anachukua kipande kimoja cha ndimu, anakila mpaka ganda. Watu wanamswalia Mtume, wanajongea, wanakula kila kitu, na kibakuli kinarudi mekoni kama kilivyokuja. Marzuku anavirudisha vile vipande mtungini, anafunika. Hakuongeza hata kimoja juu ya kile cha kuonja, kwa kuwa si vyake.

Utani haukukosekana. Walimwita Baba Ndimu. Wakawa wanamuuliza, "Vipi leo, Baba Ndimu, umeonja au umekula?" Na yeye akicheka nao, ingawa kicheko chake kilikuwa kinaishia mdomoni. Siku moja ya joto kali alikaribia kuacha kukitenga kile kibakuli, yaishe. Akakumbuka maneno ya Bi Nuwaira, akaona heri kuchekwa na watu ishirini na mmoja baharini kuliko kuulizwa na mke mmoja nyumbani. Akakitenga.

Ama Sheikh Labidi, kila mpishi alipokitia kinywani kile kipande, yeye aligeuza uso akatazama bahari. Watu waliona ni kwa kuichukia anasa. Na kwenye tende alikuwa mwangalifu wa sunna: alizila kwa idadi ya witiri, yaani isiyogawanyika kwa mbili. Alianza kwa saba. Baadaye akaongeza mbili, na juu ya mbili akaongeza nyingine mbili, na mara zote akihakikisha hesabu haiharibiki.

Wiki sita zikapita, na hapo ugonjwa ukaingia chomboni.

Ulianza kwa uchovu. Wanaume waliokuwa wakizamia mara hamsini kwa siku wakawa wanakaa baada ya mara ishirini. Kisha fizi zikavimba, zikawa nyeusinyeusi na kutoka damu. Miguu ikaota madoa. Makovu ya zamani, yaliyosahaulika, yakaanza kuuma kana kwamba ni ya jana. Sururi alitia tende mdomoni, akaitoa ikiwa na jino lake ndani. Baada ya siku nne likatoka la pili, na sauti yake ikafa, kwa kuwa hakuweza kuufungua mdomo bila kulia.

Chombo cha lulu kisicho na mwimbaji hakivuti. Kila mtu alivuta kwa wakati wake. Asubuhi moja mzamiaji alitikisa kamba kuomba kuvutwa, na waliokuwa juu, dhaifu na bila wimbo, walimpandisha kidogo, wakamwachia, wakampandisha tena. Alipotokeza alikuwa na rangi ya majivu, na ilibidi alazwe kifudifudi mpaka maji yamtoke. Nahodha Thuwaini akasimamisha kazi. Akasema hataki kurudi Julfari kuwaamkia wajane.

Katika watu wote mle ndani, mmoja tu alikuwa mzima. Marzuku alichota maji, akawaosha wagonjwa, akawapondea samaki wakawa kama uji ili wasitafune, akavuta kamba ya nanga peke yake. Na alikuwa na mazoea yake ya miaka yote, ambayo hakuyafikiria: alipenda ukoko. Wali ukishapakuliwa, alikaa kando ya sufuria, akabandua ule ukoko mgumu wa chini, akautafuna. Kru, kru, kru. Kila mtu chomboni alikuwa akiisikia ile sauti, na kila mtu alikuwa ameshika shavu lake.

Njaa na maumivu havimfanyi mtu kuwa mwema. Minong'ono ikaanza. Siku ya sitini na nane ya safari Nahodha Thuwaini akamwita mpishi mbele ya watu wote, Sheikh Labidi akiwa ameketi kuume kwake.

"Marzuku," akasema, "mtu anayevunja ukoko kwa meno yake, katikati ya watu wasioweza kutafuna tende, ana jambo lake. Wewe una chakula umekificha. Una samli, una nyama kavu, sijui una nini, lakini unacho. Sisi tunakufa na wewe unanenepa."

"Wallahi sina, nahodha."

"Tutapekua. Na kesho chombo cha maji kitafika. Nikikuta kitu, na hata nisipokuta lakini nisielewe, utarudi mjini na chombo hicho. Na nitawaambia watu wa Julfari kwa nini nimekurudisha."

Marzuku hakuwa na mitende wala nyumba ya mawe. Alichokuwa nacho ni kule kuitwa mwaminifu na watu. Kurudishwa na chombo cha maji katikati ya msimu kulikuwa ni kumaliza jina lake, na asingepikia tena chombo chochote mpaka kufa kwake. Akasema, "Pekueni."

Wakapekua. Katika sanduku lake walikuta kanzu ya Idi, tasbihi, na kibunda cha habasoda alichofungiwa na mkewe. Wakashuka chini kwenye mizigo. Wakakuta magunia ya mchele, makanda ya tende, na mitungi sita ya ndimu: mitano ina nta yake kama ilivyotoka Julfari, na mmoja wazi, umepungua kidogo.

"Basi unakula nini?" akapiga kelele nahodha, sasa amechoka zaidi kuliko alivyokasirika. "Tuambie, Marzuku, kwa haki ya chumvi tuliyokula pamoja. Unakula nini?"

"Nakula mnachokula ninyi," akajibu Marzuku. "Mmeniona kwa macho yenu. Wali, samaki, tende. Na kipande kimoja cha ndimu kila siku, kile cha kuonja. Sikuzidisha. Hicho ndicho peke yake nilichokila nanyi hamkukila."

Mtu mmoja akacheka kwa pua. Lakini wengine hawakucheka. Nahodha Thuwaini alimgeukia taratibu Sheikh Labidi.

"Sheikh wetu, wewe ndiye uliyetuapisha. Yawezekana kweli? Yawezekana haya yote ni kwa ajili ya ndimu? Ukisema ni upuuzi, mpishi huyu atateremka kesho, na sisi tutasubiri tulichoandikiwa. Ukisema yawezekana, tutakula. Sema wewe, nasi tutafuata."

Hapo mambo yote yakawa juu ya ulimi wa mtu mmoja. Na mimi nikifika hapa kila mara humwonea huruma yule zahidi. Angeweza kusema kwamba Mwenyezi Mungu humpa uzima amtakaye, na angekuwa amesema kweli. Angeweza kusema kwamba yeye si tabibu, na hilo nalo ni kweli. Jina lake lingebaki juu, la Marzuku lingeshuka na chombo cha maji, na hakuna mwanadamu ambaye angejua. Kinywani mwake mwenyewe meno yalikuwa yakicheza, na tende zake siku hizo alikuwa akizifyonza.

"Nipeni nafasi ya rakaa mbili," akasema.

Akasali. Alisujudu sijida ndefu mpaka wengine wakafikiri amezimia. Alipotoa salamu mabega yalikuwa yakimtetemeka, na watu wakadhani analia. Alikuwa akilia, ni kweli, lakini alikuwa pia akicheka.

"Ndugu zangu," akasema, "nilipoweka uso chini nilitaka kumkumbuka Mwenyezi Mungu, naye akanikumbusha mama yangu. Nilikuwa mdogo, nina homa, na mama akaja na nusu ya ndimu. Mimi sijawahi kuuweza ukali. Tangu kuzaliwa kwangu ndimu ikinigusa ulimi, mwili mzima unasisimka. Nilimtoroka mama yangu, akanikimbiza uwanja mzima, nikapanda juu ya paa, nikakataa kushuka. Nikakaa huko mpaka akaitupa ile ndimu na kunionyesha tende. Ndipo nikashuka."

Akajifuta machozi kwa ncha ya kilemba, akaendelea.

"Miaka hamsini nimekuwa nikidhani nilishuka. Leo nimejua kwamba bado niko juu ya paa. Nilitazama sinia lenu, nikakiona kitu nisichokipenda, nikakiita anasa. Nikakiona kitu ninachokipenda, nikakiita baraka. Nimeacha kwa ajili ya Mwenyezi Mungu kitu ambacho nisingekila hata kwa kupigwa, na nikawaachisha ninyi mnaokipenda. Hiyo si zuhudi. Na kama hamniamini, hesabuni tende zangu."

"Kumi na moja!" akasema mtu kutoka nyuma, na inaonekana walikuwa wakizihesabu siku nyingi.

"Kumi na moja," akakubali Sheikh. "Na jana zilikuwa kumi na tatu. Kama ndimu ni dawa, mimi sijui, ajuaye ni Muumba. Lakini nafsi yangu naijua sasa, nayo haifai kuwa shahidi juu ya Marzuku. Marzuku, ndugu yangu, nilikwambia ujichunge na ulafi. Mlafi nilikuwa mimi. Nisamehe."

Marzuku, ambaye tangu asubuhi alikuwa amejizuia, machozi yakamtoka. "Nimekusamehe, Sheikh, duniani na akhera," akasema. "Lakini wali unaungua."

Sheikh Labidi akawaambia kwamba kiapo kile kilikuwa kosa lake, kwa hiyo kafara ya kukivunja ataibeba yeye kwa kila mmoja wao, ridhaa yao ikiwapo. Kila mmoja alipaswa kulisha masikini kumi. Nanyi pigeni hesabu wenyewe watu ishirini na mmoja ni masikini wangapi, mjue kwamba toba ya kweli haifanywi kwa urahisi. Watu wakaridhia haraka sana.

Alasiri ile sinia likatengwa. Marzuku akasimama aonje kama kawaida, Sheikh akamshika mkono. Akaomba, kwa idhini ya nahodha, ndimu siku hiyo aionje yeye. Akachukua kipande kimoja kwa ncha za vidole. Akasema bismillahi, tena kwa sauti ya mtu anayeihitaji kweli. Akakitia kinywani.

Wasimulizi wanasema kwamba macho yake yalijifumba, masikio yakasogea, kilemba kikapanda juu na kushuka, na mguu mmoja ukainuka wenyewe. Fizi zake zilikuwa na vidonda, na juu ya vidonda kuna chumvi na pilipili ya Bi Nuwaira. Lakini alitafuna. Akameza mpaka ganda. Na hapo ikasikika sauti ambayo chomboni haikuwa imesikika kwa wiki tatu. Sururi alikuwa akicheka. Alicheka huku ameshika mashavu kwa maumivu, damu ikimtoka kidogo, na hakuweza kuacha. Akacheka nahodha, wakacheka wote, na mwishowe akacheka Sheikh mwenyewe, machozi yakimtiririka, akisema, "Mama, nimeshuka!"

Wakajongea, wakala ndimu.

Kesho yake chombo cha maji kilifika, kikaondoka bila Marzuku. Kiliondoka na salamu zake kwa mkewe, na ombi la mitungi mingine kama ipo. Siku ya tano watu walianza kuona nafuu, damu ikapungua. Siku ya kumi na mbili wazamiaji wakashuka tena. Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuponya, na huweka ponyo lake popote apendapo, hata ndani ya kibakuli kilichorudishwa mekoni siku sitini na tano. Chombo cha maji kiliporudi kilileta mitungi mitatu na maneno ya Bi Nuwaira, ambayo mletaji alitakiwa ayatamke hivyo hivyo mbele ya wote: "Mwambieni Marzuku, si nilikwambia hufi?"

Na asubuhi moja, kamba zikiwa mikononi, Sururi akafungua mdomo wenye mapengo mawili akaimba, na wavuta kamba wote wakavuta kwa mkono mmoja.

Sheikh Labidi naye alikuwa na ahadi yake, ambayo safari hii hakumtaka mtu amfuate. Aliacha tende mpaka watakapoiona Julfari. Fungu lake la kila asubuhi alimpa Sururi, ambaye meno yaliyobaki yalikuwa yameshika tena. Hakusema ni zuhudi, wala hakuhutubia. Lakini kila asubuhi, Sururi alipotia tende mdomoni, Sheikh hakugeuza uso kutazama bahari. Alikuwa akiitazama tende.

Waliporudi Julfari, na wote ishirini na wawili wakashuka kwa miguu yao, Sururi alimsubiri Sheikh pale ufukweni. Mkononi alikuwa na tende moja, kubwa, laini, aliyoichagua katika fungu la asubuhi hiyo na kuificha.

"Sheikh, tumeshafika," akasema. "Ahadi yako imeisha. Chukua."

Sheikh Labidi akaipokea. Aliishika muda mrefu. Kisha akaipasua, nusu akampa Marzuku aliyekuwa akipita na mtungi mtupu begani, nusu akaila yeye, na akalia waziwazi.

"Nimefundisha watu kuacha miaka thelathini," akawaambia, "na kuacha nimekujua kwa siku hamsini hizi."

Mimi nami, nisije nikajificha nyuma ya Sheikh Labidi, Ramadhani moja niliwahi kuwatangazia watu wa nyumbani kwangu kwamba mwezi wote nimeacha bamia kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Mke wangu aliniangalia tu. Sambusa sikuziacha. Basi tumwombe Mola wetu, aliye juu ya kila paa, amletee kila mmoja wetu mpishi mvumilivu wa kutuwekea kibakuli mbele yetu kila siku, na atujaalie siku moja kushuka.